Jogoo Akiacha Kuwika: Pima Sukari na Presha Kwanza, Supu ya Pweza Itangoja

Nguvu za kiume zikipungua, mwanamume wa Mombasa huwa ana njia yake, na wengi huipita ile ile. Huanza na supu ya pweza jioni, ya moto, imekolea pilipili na ndimu, anaipiga kwa kikombe akiwa amesimama pale pale penye sufuria. Isipofaa, anatafuna mzizi wa mkombero. Baadaye unakuja unga uliofungwa kwenye kikaratasi, umetoka kwa rafiki wa rafiki: "Tia kwenye chai, utanitafuta mwenyewe." Mwisho kabisa, kwa kunong'ona, kidonge cha duka la dawa. Daktari hayumo hata kwenye orodha.

Mwongozo huu unaianza njia hiyo kutoka upande wa pili. Uume unaokataa kusimama mara nyingi ni habari ya mishipa ya damu, na habari hiyo huweza kufika miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Ukiinyamazisha kwa unga wa kikaratasi, umejinyima onyo.

Kwanza ujue kinachotokea ndani

Uume hauna mfupa, wala hauna msuli wa kuuinua. Ndani yake mna mirija miwili ya nyama yenye vitundu vitundu kama sifongo. Ukipata ashiki, ubongo hutuma habari kupitia mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hii hulegeza kuta za mishipa ya damu, damu ikaingia kwa wingi, nyama ikajaa, na ule mjao ukaibana mishipa ya kutolea damu. Damu ikifungiwa ndani, uume umesimama. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu. Mwaka huo huo sildenafil, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani. Watafiti wake huko Uingereza walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya moyo. Wakaona inafanya kazi zaidi chini ya kitovu.

Tatizo la uume na tatizo la moyo ni ndugu. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ile ya moyo ina 3 hadi 4. Mafuta yakianza kujijenga kwenye kuta za mishipa, mwembamba ndio unaotangulia kuziba. Ndiyo sababu upungufu wa nguvu za kiume huweza kuutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Mtu wa miaka 45 mwenye kitambi na sigara, ambaye mambo yamemlegea polepole, asikae akijionea haya. Aende akapimwe moyo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tatizo

Umetoka zamu ya usiku bandarini, au umekesha kwenye msiba, au umekunywa, au homa ndiyo kwanza inakuachia. Siku hiyo mwili ukikataa, mwili una haki yake. Daktari huliita tatizo pale linapojirudia kwa miezi 3 au zaidi: uume hausimami, au unasimama na kulala kabla ya kazi kwisha.

Usilichanganye na mengine. Kumaliza haraka ni jambo jingine, kukosa hamu kabisa ni jingine, na kila moja lina tiba yake. Nawaona wengi wakinunua vidonge vya kusimamisha ilhali shida yao ni kumaliza haraka.

Tena si wewe peke yako. Utafiti mkubwa uliofanywa Massachusetts, Marekani, kati ya 1987 na 1989 ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hili kwa kiasi fulani, dogo au kubwa.

Hatua ya 2: Jichunguze alfajiri

Mwanamume mwenye afya husimamiwa mara kadhaa usiku akiwa usingizini, bila hata kujua. Basi kwa wiki mbili angalia: adhana ya alfajiri ikikuamsha, hali ikoje? Kama asubuhi uume unasimama imara na usiku mbele ya mke unakataa, mishipa yako ina uhai na chanzo huenda kiko kwenye fikra. Kama hata asubuhi hakuna kitu, au kipo lakini dhaifu kuliko zamani, tazama zaidi upande wa damu, sukari, mishipa ya fahamu na homoni. Kipimo hiki si hukumu, maana wengi wana vyote viwili, lakini kinamsaidia sana daktari.

Andika na haya kwenye simu: lilianza ghafla au polepole? Lipo kila wakati au kwa nyakati fulani tu? Unatumia dawa gani, pamoja na zile za miti shamba?

Hatua ya 3: Nenda kapime

Hapa ndipo ningependa pesa ya supu na unga iende. Sukari ya damu na presha hupimwa hata kwenye maduka mengi ya dawa mtaani, kwa bei ya bakuli chache za pweza. Lakini ni bora kwenda hospitali ili upimwe kwa ukamilifu: Coast General, Port Reitz, Tudor, Likoni, au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Omba vipimo hivi. Sukari ukiwa hujala tangu usiku; ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni kisukari. Presha, ikiwa inafika 140 kwa 90 au kuzidi kila ukipimwa, iko juu. Mafuta ya damu, yaani lehemu. Na kama hamu yenyewe imekwisha, unachoka ovyo, na asubuhi hakuna dalili, mwombe daktari apime homoni ya testosteroni. Hii damu yake hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne au saa tano, kwa sababu homoni hushuka kadiri mchana unavyoendelea. Ikionekana iko chini, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuamua chochote.

Kisukari kinataka maneno zaidi, kwa sababu mji wetu unapenda tamu. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu na mahamri mawili asubuhi, soda na pilau mchana, kahawa na kipande cha haluwa jioni, kaimati Ramadhani. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, na uume unazihitaji zote mbili. Wenye kisukari hupatwa na tatizo hili miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wenzao. Kuna wanaume waliogundua kisukari chao kwa njia hii hii: walifuata nguvu, wakachomwa kidole kupimwa sukari.

Kuhusu haya: sentensi moja inatosha. "Daktari, huu mwezi wa nne uume wangu hausimami vizuri." Basi. Daktari hashtuki, amelisikia tangu asubuhi. Ukimwona mwanamke na ulimi ukawa mzito, omba daktari wa kiume, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Kosa kubwa ni kuingia na kusema "mgongo unaniuma", ukatoka na dawa ya mgongo.

Hatua ya 4: Kagua unavyomeza, unavyovuta na unavyotafuna

Dawa kadhaa za hospitali hupunguza nguvu: baadhi ya dawa za presha, hasa za kukojosha na zile za jamii ya atenolol, dawa nyingi za sonona kama fluoxetine, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, finasteride ya tezi dume. Usiziache mwenyewe. Presha iliyoachiwa huleta kiharusi, na kiharusi hakina mjadala. Mwambie daktari akubadilishie, maana dawa za presha zisizogusa unyumba zipo.

Sigara na shisha hubana na kuharibu mishipa. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, ingawa anayeitafuta usiku bado anajua pa kuipata. Pombe nyingi hulaza mishipa ya fahamu. Heroini hushusha homoni ya kiume, na hata methadoni inayotolewa kuitibu inaweza kufanya hivyo. Aliye kwenye matibabu asiiache, awaambie wanaomtibu.

Na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 gavana wetu alipoupiga marufuku, jambo likaishia mahakamani, na hoja ya ndoa zinazoteseka ilisikika sana mitaani. Mimi kwenye kesi siingii. Ninachojua ni kwamba kathinoni iliyomo humo huchangamsha mwili kama adrenalini: moyo unaenda mbio, mishipa inabana, usingizi unakimbia. Sehemu kubwa ya testosteroni hutengenezwa mtu akilala. Anayetafuna hadi saa tisa usiku kisha akaamka saa kumi na mbili kwenda kazini asishangae. Acha kwa wiki nne, ulale, uone.

Punyeto haiui mishipa wala haimalizi mbegu, hata wauza dawa wa mitandaoni waseme nini. Ila aliyezoea video za ngono kila siku anaweza kuufundisha mwili wake usiamke kwa mke. Huyo tiba yake ni kuziacha, si unga.

Hatua ya 5: Tembea

Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2018 ulipendekeza mazoezi ya dakika 40, mara 4 kwa wiki, kwa miezi 6, kwa wanaume ambao tatizo lao limetokana na unene, presha, mishipa au kukaa tu. Mazoezi ya kukutoa jasho, yanayokufanya uhemee. Barabara ya Mama Ngina alfajiri inafaa, upepo wa bahari hautozwi. Wa Nyali na Bamburi wana mchanga maji yakipwa. Kutoka nyumbani hadi barazani hakuhesabiki.

Kuna zoezi jingine la kufanya umekaa, hata kwenye matatu. Bana misuli unayotumia kuzuia mkojo au ushuzi. Ukisimama mbele ya kioo bila nguo, utaona uume unajivuta kidogo, hapo umeipata. Bana, hesabu hadi tano, achia, hesabu hadi tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Usikaze tumbo wala makalio, na usizuie pumzi. Matokeo hayaji wiki ya kwanza. Jipe miezi 3.

Chakula: samaki, kunde, mbaazi, mchicha, matunda, na upunguze vya kukaangwa na vya sukari. Pweza mwenyewe hana kosa, ni chakula kizuri chenye protini. Kosa ni kumpa kazi ya udaktari.

Hatua ya 6: Chumbani

Hofu ni adui wa kusimama, na hilo si fumbo. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, mishipa inabana, na damu inaelekezwa kwenye misuli ya mikono na miguu kana kwamba kuna mbwa anamfukuza. Uume hauna nafasi hapo. Usiku ukishindwa mara moja, usiku wa pili unaingia ukijikagua: je, leo? Huo ukaguzi wenyewe ndio unaokushinda.

Bwana harusi kijana analijua hili. Siku nzima ya ndoa na picha, hajala vizuri, hajalala siku tatu, shangazi wa pande zote mbili wanangoja habari, kisha anaingia ndani na anatakiwa afanye kazi. Mwili ukigoma, yeye anaona amefedheheka. Kijana wangu, fungate lina siku saba. Usiku wa kwanza laleni.

Kwa wanandoa wa miaka mingi, ukimya ndio unaochoma zaidi. Mume anaanza kuchelewa barazani makusudi, anajifanya amelala, au anaanzisha ugomvi wa ada za shule saa nne usiku. Mke anahesabu moja kwa moja: kuna mwanamke mwengine. Kuna nyumba zimevunjika kwa hesabu hiyo, na hakukuwa na mwanamke yeyote. Chagua wakati watoto wamelala na simu iko mbali, useme: "Mama Rashidi, si wewe, wala sina mtu huko nje. Ni mwili wangu unanisumbua, na Jumatatu naenda kupima." Wanawake wengi ninaowafahamu wangepokea maneno hayo kwa afueni.

Kisha fanyeni hivi: kwa wiki mbili kubalianeni kutoingiliana kabisa. Kugusana, kukandana, kulala kumbatio, sawa. Jimai hapana, hata uume ukisimama. Njia hii hutumiwa na washauri wa ndoa tangu miaka ya 1970. Mtihani ukiondolewa, mtahiniwa hutulia. Wiki ya tatu songeni mbele taratibu.

Lipo na lile la kufungwa na jini mahaba. Sitamcheka mtu kwa imani yake; anayetaka kusomewa na asomewe. Ila kisomo hakizuii kupima sukari, na mganga anayekukataza kwenda hospitali, au anayedai mbuzi wa rangi fulani kabla hujamaliza kusema salamu, anakufungia mfuko.

Hatua ya 7: Kidonge, kwa masharti yake

Ukikaa kwa nusu saa kwenye duka la dawa jioni utamwona. Anaingia, anaangalia dawa za meno. Mama mwenye mtoto anahudumiwa, yeye anasogea kwenye sabuni. Duka likiwa tupu anainama kwenye kaunta: "Nipe ile." Anapewa, anatia mfukoni bila risiti, ametoka. Hakuulizwa kama ana ugonjwa wa moyo. Kutoulizwa swali hilo moja ndiko kunakoweza kumuua.

Yeyote anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua, kama naitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi au isosorbide, ni marufuku kwake kumeza sildenafil au ndugu yake tadalafil. Zikikutana, presha huanguka hadi mtu akafa. Na ukipata maumivu ya kifua baada ya kumeza kidonge, mwambie daktari wa dharura ukweli, ili asikupe naitreti. Mwenye kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, anayetumia tamsulosin ya tezi dume, au anayemeza dawa za HIV zenye ritonavir, aanze kwa daktari. Huenda akapewa dozi ndogo au akakataliwa.

Matumizi: sildenafil humezwa saa moja hivi kabla ya tendo, mara nyingi huanza na miligramu 50, na nguvu yake hukaa kama saa nne. Si zaidi ya mara moja kwa saa 24. Chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Ukila biriani ukamalizia na kidonge, utangoja sana na utasema dawa ni bandia. Tadalafil haijali sana chakula na hukaa hadi saa 36. Zote mbili zinahitaji ashiki. Anayemeza akakaa kuangalia mpira asilaumu kiwanda. Ijaribu angalau mara 6, kwa siku tofauti, kabla ya kusema haifai.

Kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba, kiungulia: kawaida, hupita. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kuche, maana damu iliyokwama huua nyama ya ndani. Wenye siko seli wako kwenye hatari kubwa zaidi ya hili.

Unga, asali za pakiti, kahawa za nguvu na vumbi la Kongo: bidhaa nyingi za "mimea tupu" zilipopimwa na mamlaka ya dawa ya Marekani zilikutwa zimetiwa sildenafil kimyakimya, bila kipimo cha kueleweka. Ndiyo sababu nyingine "hufanya kazi". Mzee wa presha anayeogopa kidonge anajikuta anameza kidonge hicho hicho kwenye asali, mara mbili ya dozi. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu ukutani, na uonyeshe cheti cha daktari.

Hatua ya 8: Vidonge vikishindwa

Rudi kwa daktari, uliza kuhusu daktari wa mfumo wa mkojo. Ipo pampu ya kuvutia damu kwenye uume, ambayo hufuatwa na mpira wa kubana shinani usiozidi dakika 30. Ipo sindano ya alprostadil, inayochomwa ubavuni mwa uume kwa sindano nyembamba sana; wanaume hukunja sura wakiisikia, lakini hufanya kazi hata kwa wengi ambao vidonge vimewashinda. Upo na upasuaji wa kuweka vijiti au mirija ndani, ambao ni ghali na haurudishwi nyuma.

Sindano za testosteroni ni za yule tu ambaye vipimo viwili vya asubuhi vimeonyesha upungufu. Ukizichoma bila upungufu hazikuongezei, na zinapunguza utengenezaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto amwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.